Diposisheni (shahidi kuhojiwa kwa kiapo kabla ya kesi kusikilizwa) ya Zoom na mawakili kibao, vielelezo mnavigawaje?

paralego_tx: Wakuu habari, nipo Marekani nasaidia mawakili kwenye kesi kubwa ya dawa, wadai ni wengi mno na mashahidi wametawanyika majimbo tofauti, sasa wakili mmoja anataka akae na shahidi chumbani wengine wote tuwe Zoom, hii inaruhusiwa? Na vielelezo je, shahidi asivione mapema?

mzee_wa_kanuni: Inaruhusiwa, pande zikikubaliana au jaji akiamuru, soma Kanuni ya 30(b)(4) ya mashauri ya madai ya shirikisho. Ila kesi kubwa hivyo msisubiri ugomvi, ombeni jaji apitishe itifaki moja kwa mashahidi wote: nani yuko chumbani na shahidi, sehemu ya kuchati ya Zoom izimwe, simu ya shahidi ikae mbali, maana wakili akimtumia shahidi meseji huku anahojiwa ushahidi unaharibika kabisa. Halafu zile saa 7 ambazo ndizo kikomo cha kumhoji shahidi ni za mahojiano tu, mapumziko hayamo, so intaneti ikikatika mwambieni mwandishi anayerekodi ushahidi aandike saa hasa ilipokatika na iliporudi.

paralego_tx: Asante sana mkuu, na vielelezo?

mkalimani_dada: Sisi huwa vinatumwa kwa kuria (msafirisha vifurushi) kwenye bahasha iliyofungwa, shahidi anaifungua mbele ya kamera, au mnavipandisha kimoja kimoja kwenye programu ya vielelezo na shahidi apewe uwezo wa kufungua kurasa zote mwenyewe, sio aoneshwe kipande tu cha skrini, hiyo si haki. Na pale chumbani tafadhali maiki moja na spika moja, mwangwi ukianza mkalimani hasikii chochote.