Kiti cha gari kinachopachikwa juu ya kigari, mtoto mchanga akilala humo nimuache?

MamaWiki36
Jamani wamama na wababa wenye uzoefu naombeni msaada, ndo nategemea mtoto wa kwanza kwaiyo mnivumilie. Wifi yangu kanipa seti ya kigari cha kusukuma ambayo mwanae kashaipita, ina fremu ya magurudumu, siti ya mtoto mkubwa kidogo, na kile kiti cha gari chenye mpini juu kama kikapu, pamoja na adapta mbili za kukipachikia kwenye fremu. Kulikuwa na kitanda chake cha kulalia pia ila anasema kilipotea walivyohama nyumba. Sasa yeye ananiambia raha ya hii seti ni kwamba mtoto akisinzia kwenye gari humgusi kabisa, unakitoa kiti na mtoto wake unakipachika kwenye magurudumu unaendelea na mizunguko yako, ukirudi nyumbani unakiweka sebuleni analala mpaka aamke mwenyewe. Mi nikaona safi sana. Juzi kliniki nesi kaniuliza mtoto atalala wapi nikamweleza hivyo hivyo, akaniangalia akasema "hicho ni kiti cha gari mama, siyo kitanda", af foleni ilikuwa ndefu akaita mwingine. Nimerudi nyumbani nalifikiria tu hilo neno. Ivi shida ni nini hasa, kama kwenye gari ni salama kwa nini kwenye magurudumu au sakafuni isiwe salama? Na kama mwisho upo ni muda gani?

Ua_la_Asubuhi
Hongera mpenzi, umekaribia 😊 Usijitie presha. Mi wangu wawili wote wamelala humo, wa kwanza alikuwa halali kitandani hata umfanyeje ila ukimweka kwenye kile kiti dakika mbili tu kazima, alikuwa anapiga masaa matatu na mimi napata kufua na kupumzika. Saivi yuko darasa la tatu anakimbia tu. Manesi nao wanapenda kutisha watu. Angalia tu amefunikwa vizuri basi.

ZamuYaUsiku
Dada MamaWiki36, mimi ni nesi wa wodi ya wachanga, huyo mwenzangu hakukutisha ila alikuachia sentensi nusu, ngoja nikumalizie.

Mtoto mchanga kichwa ni kikubwa kuliko mwili wake na shingo haina nguvu ya kukishika. Ukimkalisha, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, ikikunjwa ni kama mrija wa kunywea soda ukiupinda katikati. Halii, hagombani. Anapata hewa kidogo kidogo na wewe unaona kalala vizuri kweli, mtulivu, ndo maana ni hatari, hakuna kelele ya kukuita.

Swali lako la "mbona kwenye gari ni salama" ni zuri sana. Kwenye gari kiti kimefungwa kwenye kitako chake kinachobaki garini au kwa mkanda wa gari na kimeegama kwa ule mlalo waliopima watengenezaji, ndo maana pembeni kuna alama ya kukuonyesha kama umepatia. Ukikitoa ukakiweka sakafuni kinaweza kukaa wima zaidi, juu ya sofa au godoro ndo kabisa, kinaweza hata kupinduka mtoto akaangukia uso. Af kuna jambo la pili ambalo wengi wanafanya bila kujua, ukifika nyumbani unaona mtoto kabanwa unamuonea huruma, unamlegezea mikanda au unafungua ya katikati ya miguu unaacha ya juu. Hapo anateleza chini taratibu mpaka mkanda unamkaa shingoni. Kwenye gari hatumbani mtoto kwa sababu ya ajali peke yake, ule mkanda uliokaza ndo pia unaomzuia asiporomoke.

Kuna utafiti ulitoka 2019 kwenye jarida la Pediatrics, walipitia vifo vya usingizini vya watoto wachanga Marekani kuanzia 2004 mpaka 2014, jumla 11,779. Kati ya hivyo 348 vilitokea kwenye vitu vya kukalia, na karibu 63% ya hao 348 walikuwa kwenye kiti cha gari. Sasa sikiliza hapa: kwenye hao wa kiti cha gari, waliokuwa wanakitumia kama inavyotakiwa hawakufika hata 10%. Yan kiti kikiwa ndani ya gari, mtoto kafungwa sawasawa, kinafanya kazi yake na usije ukaogopa kukitumia. Shida inaanza pale kinapogeuzwa kitanda.

Muda: kwa mtoto yeyote mdogo wanasema asipitishe masaa mawili humo, na kwa mchanga wa wiki za mwanzo Uingereza wanashauri nusu saa hivi kama inawezekana. Mwaka 2016 watu wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwaweka wachanga 19 kwenye kiti kinachotikiswa kama gari linatembea, ndani ya hiyo nusu saa mapigo ya moyo na kupumua vikapanda na oksijeni ikashuka ukilinganisha na walivyokuwa wamelala chali. Na muda unahesabika wote kwa pamoja, dakika 25 za gari ukijumlisha na saa nzima ya kwenye magurudumu, hiyo ni karibu saa na nusu, haianzi upya eti kwa sababu umebadilisha usafiri.

Ua_la_Asubuhi
Sawa nesi nimekuelewa ila tuwe wakweli, mtoto kasinzia baada ya kulia njia nzima, unataka mtu amtoe amuamshe??

ZamuYaUsiku
Ndio dada yangu, amtoe. Najua inauma 😅 Nimezaa watatu, najua ile unafungua mlango wa gari kwa kunyata kama mwizi. Ila wengi ukiwanyanyua taratibu ukawaweka chali kwenye godoro gumu lililo tupu, wanajinyoosha kidogo wanaendelea. Na asipoendelea basi utamnyonyesha. Wako walipona na nashukuru, ila mimi nimeona upande wa pili, siwezi kumwambia mtu "mbona wangu hakupata kitu".

Baba_Kulwa
Nesi kamaliza upande wa pumzi, mimi naongezea vyuma. Nina mapacha kwaiyo hizi mbwembwe za kupachika na kupachua nimezifanya mara mbili mbili kwa mwaka mzima.

Kwanza adapta. Ziko mbili, kulia na kushoto, na lazima usikie mlio wa kunasa PANDE ZOTE. Siku moja nimepachika kiti naongea na simu, nikasikia "ka" moja nikajua tayari. Nimesukuma hatua kama kumi tu kufika kwenye kijukwaa cha njia nikainua magurudumu ya mbele, kiti kikainuka upande mmoja kama mfuniko wa sufuria. Nilikishika kwa goti, simu ikaenda zake chini ikapasuka kioo. Tangu siku hiyo nikishapachika nashika mpini nanyanyua juu kwa nguvu, fremu nzima ikinyanyuka nayo ndo naanza safari. Na siyo kila kiti kinaingia kila fremu, hata kama kwa macho vinafanana, soma kitabu cha maelekezo cha vyote viwili, cha kiti NA cha kigari.

Pili kitanda kilichopotea. Dada kama una mpango wa kutembea na mtoto kwa mguu miezi ya mwanzo, kitafute, au tafuta kigari ambacho siti inalala flati kabisa na wameandika kinafaa kuanzia kuzaliwa. Mchanga anatakiwa kulala flati mpaka aweze kushika kichwa na kukaa, ambayo ni kama miezi sita hivi. Kile kiti cha gari juu ya magurudumu ni cha kutoka kwenye gari kuingia mahali na kurudi, basi.

Tatu kumfunga. Anaangalia nyuma, hilo halina mjadala, na usikiweke siti ya mbele yenye eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi, ikilipuka inagonga mgongo wa kiti moja kwa moja na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo. Mikanda ya begani kwa mtoto anayeangalia nyuma itokee usawa wa bega au chini yake kidogo, siyo juu. Kaza, af jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili pale kwenye mtulinga, ukipata mkunjo bado haijakaza. Asivae sweta nene la manyoya wala kufungwa blanketi ndani ya mikanda, mvishe nguo nyepesi, mfunge, af blanketi lije juu ya mikanda. Lile sweta ajali ikitokea linabonyea lote na mkanda unabaki umelegea.

Na wale wanaokaa na mtoto mapajani nyuma eti "namshika vizuri", gari likisimama ghafla hakuna mkono wa binadamu unaoshika, hata ungekuwa mbeba vyuma.

Mama_Njiti
Niongeze kwa wenye watoto njiti kama wangu. Alizaliwa wiki 33, kabla ya kuruhusiwa walimweka kwenye kiti chetu cha gari wodini, kafungwa mikanda, kaunganishwa mashine ya mapigo na oksijeni karibu masaa mawili. Madaktari wa watoto Marekani wanashauri hicho kipimo kwa waliozaliwa kabla ya wiki 37. Wangu mara ya kwanza alishindwa, mashine ikapiga kelele kwenye dakika ya arobaini na kitu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo namwangalia usoni naapa sikuona tofauti yoyote. Rangi ile ile. Kalala. Wakarudia baada ya siku kadhaa akapita. Kwaiyo mtu akiniambia "mi namwangalia muda wote" huwa nanyamaza tu.

Safari ya kurudi nyumbani mume aliendesha mimi nikakaa nyuma pembeni yake, tukasimama njiani nikamtoa nikamlaza chali kidogo, tukaendelea.

MamaWiki36
Asanteni sana wote, Mungu awabariki, nimesoma mpaka machozi kwa Mama_Njiti. Leo nimefanya mazoezi, nimechukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu nikazifunga na kanga ikawa kama mtoto wa kilo tatu, nikaifunga kwenye kiti na kupachika. Baba_Kulwa uko sahihi, upande wa kushoto ulikuwa haunasi mpaka niukandamize, ningejuaje mimi. Na chupa ziliporomoka mpaka kwenye kifungo nilivyolegeza mikanda, nimeona kwa macho.

Maswali mawili madogo. Wifi kanunua pembeni kile kimto cha kuzunguka shingo pamoja na vifuniko vya mikanda vyenye manyoya, navyo nitumie? Na jua likiwa kali naweza kutandika kanga juu ya kiti tukiwa tunatembea?

ZamuYaUsiku
Kimto na manyoya, kama havikuja na kiti toka kiwandani, toa. Vingine vinasukuma kichwa mbele, ambacho ndo tunakikimbia, na vingine vinazuia mkanda usikaze. Kile kigodoro cha ndani cha mchanga kilichokuja na kiti tumia, ila angalia uzito wanaosema ukitoe. Kanga usifunike, joto linajikusanya chini yake haraka kuliko unavyodhani na humuoni mtoto. Tumia kofia ya kigari chenyewe au mwavuli, tembea kivulini, na umguse shingo kwa nyuma mara kwa mara, ukikuta jasho punguza nguo.

Baba_Kulwa
Nilisahau kuuliza la kwanza kabisa. Hicho kiti kina umri gani na kimewahi kuwa kwenye ajali? Pindua chini utaona stika au chapa ya tarehe ya kutengenezwa, vingi vina mwisho wa matumizi, miaka sita hadi kumi hivi kutegemea na kampuni.

MamaWiki36
Tarehe iko sawa, miaka minne. Nimempigia wifi, anasema waliwahi kugongwa nyuma "kidogo tu", mtoto hakuwemo ila kiti kilikuwemo. Kwa macho hakina hata mkwaruzo.

Baba_Kulwa
Mkwaruzo hauonyeshi kitu, ufa unaweza kuwa ndani ya plastiki chini ya kitambaa. Kampuni nyingi zinasema ajali yoyote badilisha. Wamarekani wanaruhusu kuendelea nacho kama ajali ilikuwa ndogo kweli, na masharti yao ni yote kwa pamoja: gari liliondoka lenyewe, mlango wa karibu na kiti haukuguswa, hakuna aliyeumia, eabegi hazikufunguka, na kiti hakina dalili ya kuharibika. Muulize gari liliondokaje pale.

MamaWiki36
Lilivutwa 😔

Baba_Kulwa
Basi hicho kwisha habari yake. Magurudumu tumia, siti ya mtoto mkubwa itunze kwa baadaye, ila kiti cha gari nunua kipya na uhakikishe kinaingia kwenye hizo adapta. Na cha zamani kabla hujakitupa kata mikanda kwa mkasi, uandike juu kwa maka pen KIBOVU, asije mama mwingine akakiokota akaona bahati.

Ua_la_Asubuhi
Nimetoka kupindua changu hapa, nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu anajifungua mwezi ujao. Kimeisha muda miaka miwili iliyopita. Mkasi uko wapi.