Ampu ya besi yaunguruma kisha kimya, harusi Jumamosi, naombeni ushauri

MpigaBesi_Ung'uja
Assalaam alaykum wakubwa zangu. Nna ampu ya besi ya transista, wati 100. Juzi tumo mazoezini ikaanza kuunguruma vuuuu hata gitaa nishalichomoa, kisha ikakata kabisa. Nahisi spika ishakufa. Kuna kijana Darajani ana spika ya mtumba inchi 15, nshampa nusu ya pesa. Niichukue? Harusi Bububu Jumamosi, usingizi sipati wallahi.

Fundi_Kikwajuni
Waalaykum salaam. Usinunue kitu kwanza. Ukishusha volyumu yote mngurumo ulipungua? Fyuzi umeitazama?

MpigaBesi_Ung'uja
Ulikuwa vilevile. Fyuzi haina tatizo, mie nauliza spika tu.

Mtoto_wa_Wete
Mie 2008 umeme ulipokatika Unguja karibu mwezi mzima nilikuwa huko kwa shemegi yangu, tukawasha jenereta la kuazima, volti zikapanda redio ikatoa moshi mbele ya wageni na biriani iko sahanini. Tangu siku hiyo siamini jenereta la mtu.

Fundi_Kikwajuni
Haina tatizo vipi? Umeitoa ukasoma ni ya ampea ngapi?

MpigaBesi_Ung'uja
Haya nseme. Wiki iliopita umeme ulikatika, uliporudi fyuzi ikaungua. Ilikuwa saa nne usiku, maduka yashafungwa, nikaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakti ya sigara. Ikapiga siku nne bila tabu, kwa hivyo sidhani kama ndo sababu, na wengi tu wanafanya hivyo. Tena msinigombeze, ampu yenyewe ya kikundi, mzee wetu hajui.

Bi_Salma_Mchambawima
Mwanangu hiyo amana ya watu. Spika baadae, kwanza nenda kwa mzee ukamwambie.

Kidumbaki_Daima
Rudini kwenye kidumbaki yakhe, ile taarabu ya mtaani, besi yake sanduku na uzi mmoja, halina fyuzi hilo 😂

Mchunguzi_Michenzani
Uzi wa kutunga huu. Mwanzo fyuzi nzima, mara karatasi ya sigara, mara ampu si yake. Kesho tutaambiwa ilianguka baharini.

MpigaBesi_Ung'uja
Natunga nipate nini kaka? Nilikuwa nimeinama mbele yake. Ilipoanza kuunguruma koni ya spika ilirukia mbele ikaganda pale pale, nikaigusa kwa kidole, ngumu kama mbao, na huku nyuma inatoka harufu ya rangi inayoungua. Sekunde chache tu ikanyamaza.

Fundi_Kikwajuni
Mchunguzi, hilo mtu hatungi. Koni ikiruka ikaganda ujue umeme wa DC, ule wa njia moja kama wa betri, umeingia kwenye spika, na mara nyingi ni transista za kutolea, zile zinazoisukuma spika, zimepiga shoti. Spika kweli imekufa, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ishaungua, lakini ugonjwa umo ndani ya ampu. Ukifunga hiyo ya Darajani itaungua na yenyewe. Na fyuzi ya kweli huenda ingekatika mapema ikaiokoa koili, karatasi haikatiki kwa wakati.

Toa karatasi hiyo, weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa nyuma ya ampu. Spika usiunge. Unganisha globu ya wati 100, ile ya zamani ya waya, kwenye njia ya umeme wa kuingia, umeme upitie globu kwanza ndo ufike kwenye ampu. Ikiwaka kidogo ikafifia, nafuu. Ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado imo, zima. Ikififia, pima DC kwenye tundu la spika, inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ndani usitie mkono hata ukishachomoa, kapasita zinabaki na umeme.

MpigaBesi_Ung'uja
Lakini nshatoa nusu ya pesa, na nikibahatisha si huenda ikapiga Jumamosi tu?

Fundi_Kikwajuni
Haitofika hata wimbo wa kwanza.

MpigaBesi_Ung'uja
Globu imewaka kama taa ya barazani, haififii. Nshachomoa. Nnakwenda kwa mzee sasa hivi kabla ya Isha, ampu nimeibeba.