Moto wa msituni kiangazi hiki: kwenu mnauzuiaje? Tupeane uzoefu (Dodoma, Singida na jirani)

Mwanzisha mada, Mpwapwa
Wakuu, habari za majukumu. Nipo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, na mkutano wetu uliopita ulituacha tumegawanyika. Upande mmoja unataka moto upigwe marufuku kabisa, atakayewasha karibu na msitu atozwe faini. Wa pili, wengi wao wazee, unataka tuchome wenyewe mapema, Mei hadi mwanzoni mwa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, ili Septemba moto ukija ukose cha kuunguza. Mimi niko na wazee. Marufuku tumekuwa nayo kwenye karatasi miaka yote na mlima unaungua vilevile. Usiku unaona mstari mwekundu kule juu, asubuhi hakuna anayejua nani kawasha. Naomba yaliyowatokea kweli. Kwenu nini kilisaidia?

Mrina asali, Manyoni
Kaka, sisi warina ndio tunaonyooshewa kidole kwanza, na kwa muda mrefu ilikuwa haki. Mtu anapanda mtini usiku na mwenge wa nyasi kavu, cheche zinadondoka, anashuka na ndoo yake anaondoka. Kikundi chetu kilipata mabomba ya moshi na mavazi ya kurinia, yakasaidia. Kilichosaidia zaidi ni watu kuwa na mizinga yao wenyewe humo ndani. Mwenye mizinga hasubiri kuitwa. Mvua ikikatika tunafyeka chini ya kila mti wenye mzinga, na moshi ukionekana tunakimbilia huko bila kuuliza ni wa nani.

Ila wazee wako waambie kitu kimoja: kuchoma mapema si kwa kila mahali. Vichaka vyetu vya Itigi vimefungamana, chini hakuna nyasi za maana, moto ukifika ukingoni mara nyingi unazimika. Ukifyeka na kuchoma, nyasi zinaingia. Zikishaingia, moto unapata njia mwaka hadi mwaka na kichaka hakirudi. Pale kuchoma ni kuua.

Mfugaji, Chemba
Nitasema ambalo wenzangu hawalisemi mkutanoni: tunachoma. Kiangazi kikikolea nyasi zinakuwa ngumu, ng'ombe hazigusi. Ukichoma, machipukizi yanatoka hata kabla ya mvua, na kupe wanapungua. Mkikataza bila kutuonyesha mifugo itakula wapi, watu watachoma usiku.

Kwetu mambo yalitulia tulipotenga malisho ya kiangazi. Mvua ikinyesha hapakanyagwi, panafunguliwa hali ikiwa mbaya. Wasukuma wana ngitili, na Wagogo wana milaga yao, si jambo geni. Anayewasha moto sasa anaunguza akiba ya ng'ombe wake mwenyewe, na wafugaji wenzake wanamfikia kabla ya mgambo.

Mama wa Kondoa
Shikamooni wakubwa. Nimezaliwa huku milima ya Irangi baada ya mifugo kuondolewa. HADO, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Wazazi wetu walilia. Wengine walipeleka ng'ombe kwa ndugu wa mbali na hawakuwaona tena. Lakini milima ilirudi, hilo siwezi kulikana. Makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu yakaota nyasi na miti.

Sasa nyasi zikirefuka bila wa kuzila, moto nao unapata chakula. Baadaye ng'ombe wa kufugia bandani waliporuhusiwa, wanawake tukaanza kukata majani kwa ajili yao, na ule upande unaokatwa ndio unaosalimika. Katika mabishano ya marufuku na kuchoma sijasikia mtu akitaja mundu. Ni kazi ya jasho, najua, lakini inalisha ng'ombe na inalinda mlima.

Afisa misitu mstaafu, Dodoma mjini
Marahaba binti. Niongeze kidogo. Karibu na Ndola, Zambia, miaka ya 1930 walianza jaribio kwenye miombo kama hii yetu. Kipande kilichochomwa kila mwishoni mwa kiangazi kiliisha miti, zikabaki nyasi. Kilichochomwa mapema kilibaki miombo. Kilichokingwa kabisa kikawa msitu mnene. Kwa hiyo wa marufuku hawajakosea hata kidogo, mradi wana uwezo wa kulinda kila mwaka bila kukosa. Wakikosa mwaka mmoja, nyasi na majani makavu yaliyolundikana yataunguza hata mninga mkubwa.

Mkulima, Kongwa
Jamani mashamba msiyasahau! Mimi natunza kisiki hai: napogolea machipukizi ya visiki mpaka yawe miti. Jirani alichoma "mapema" shambani kwake, upepo ukaugeuza moto, machipukizi yangu yote yakababuka. Hakuna aliyenifidia. Chomeni mlimani mkitaka, ila njia ya kuzuia moto ifyekwe kwanza na majirani wapewe taarifa ya siku.

Mwanzisha mada
Pole sana dada. Hilo naenda nalo: mashamba na vichaka vilivyofungamana visiguswe, mlimani tuchome mapema, katikati tukate majani. Mzee wangu mstaafu, kibali tunaanzia wapi?

Afisa misitu mstaafu
Anza kwa kujua msitu ni wa nani. Kama ni hifadhi ya serikali chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), msiwashe chochote bila kukaa na ofisi yao ya wilaya. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inawaruhusu kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi ya kijiji: mnaandaa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, zinakwenda halmashauri ya wilaya. Hata hapo kuchoma kunahitaji kibali. Tarehe ya kuchoma, watu wa kulinda na njia za moto viandikwe ndani ya mpango, na muanze sasa, maana Mei haiko mbali.