Nyumba ya Chanika, laki saba mkononi na masika ndo hayo yanakuja: nianze na rangi au na maua?

mama_wawili (Februari 24)

Habari zenu wakuu, naomba mawazo. Nina nyumba yangu huku Chanika, vyumba vitatu na sebule, tulihamia ikiwa pagale miaka mitano iliyopita tukawa tunamalizia taratibu, plasta ya nje ndo imeisha mwaka juzi, nikapaka rangi ya maji ya krimu na chini nikazungushia rangi ya mafuta brauni kama mita moja hivi kwasababu fundi alisema tope la mvua halitaonekana. Sasa hiyo brauni imevimba malengelenge kila mahali, ukibonyeza kwa kidole linapasuka na ndani unakuta unga mweupe kama chumvi. Upande wa nyuma ndo kabisa, maji ya bati yanadondokea palepale kwenye msingi, vuli iliyopita yamechimba mfereji na tofali la msingi linaonekana wazi wakati zamani lilikuwa limefukiwa.

Uwanja ni mchanga mtupu, naufagia kila asubuhi. Kuna muembe mmoja kona ya mbele na tairi nne za gari nilizopaka nyeupe nikapanda maua, mbili maua yamekufa.

Mwezi wa saba wanakuja wageni kuleta barua ya posa ya mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la tano nikamchukua, kwahiyo kwao ni hapa kwangu, hapa ndo atakapoposewa. Sitaki makuu, nataka mtu akiingia getini aone huyu binti katoka kwenye nyumba ya watu wanaojitunza. Nina laki saba, na mwezi wa tano nikipokea mchezo nitaongeza laki mbili. Nimefikiria nipake rangi nyumba nzima sasa hivi kabla mvua hazijaanza, hela ikibaki ninunue maua yaliyokwisha kuwa makubwa pale barabarani na nyasi. Nikosoeni jamani.

fundi_msingi

Dada hongera kwanza kwa kumlea mdogo wako. Sasa nakuomba usipake rangi, sio sasa hivi.

Nikueleze kinachotokea kwenye huo ukuta. Tofali la simenti linanyonya maji kama utambi wa koroboi, maji yanatoka ardhini yanapanda, na kama wakati wa kujenga haikulazwa ile nailoni ya kuzuia unyevu (DPC) juu ya msingi basi hayana wa kuyazuia. Yakifika juu yanatafuta pa kutokea, yanakauka yanaacha chumvi, ndo huo unga uliouona. Rangi ya maji inaruhusu kidogo unyevu utoke, rangi ya mafuta inafunga kabisa kama umevalisha ukuta mfuko, kwahiyo unyevu unasukuma kwa ndani na ndo malengelenge hayo. Ukipaka nyingine juu yake leo mwezi wa saba wageni watakuta malengelenge mapya, na laki saba yako imekwenda.

Halafu hayo maji ya bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hiyo haibadiliki popote. Tuseme paa lako ni mita 10 kwa 9, ni mita 90 za mraba, mvua ya milimita 20 ambayo masika ni mvua ya kawaida tu inakupa lita 1800. Madumu 90 ya lita 20 yanamwagwa kwenye msingi wako kwa jioni moja! Hapo hakuna rangi itakayosimama.

Mimi ningekuwa na laki saba ningefanya hivi. Gata upande wa nyuma kwanza hata la PVC, hela ikikubali na mbele, lipewe mteremko wa sentimita moja kila mita mbili mpaka tatu, maji yaende kwenye simtanki au pipa lenye mfuniko, na yanayozidi yapelekwe na bomba mbali na nyumba huko kwenye muembe, yasimwagikie kwa jirani. Kile kifereji ujaze udongo ushindiliwe vizuri, ila usipande juu sana, uache angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Juu yake mwaga kokoto upana wa nusu mita kuzunguka nyumba. Wengi watakwambia mwaga zege, na zege likiwa na mteremko mzuri ni zuri, ila kwa ukuta unaonyonya kama wako kokoto ni afadhali kwasababu ardhi inapumua, na tone likidondoka kwenye kokoto halirushi tope. Ile brauni ikwanguliwe yote, tumia skrepa na brashi ya waya, huo unga uutoe kwa brashi kavu, usiuoshe kwa maji maana chumvi inarudi ndani na maji.

Rangi ni mwezi wa sita. Mvua zikikata hewa inakuwa kavu, ndo wakati wake.

Jembe_la_Temeke

Fundi uko sahihi ila huyu dada ana shughuli, wageni hawaji kukagua msingi. Mi ningepaka mbele tu sasa hivi, pale getini na kibarazani, nyuma atamalizia hata mwakani.

fundi_msingi

@Jembe_la_Temeke ni kweli wageni wanaona mbele, lakini masika yote ya mwezi wa tatu, wa nne na wa tano yatapiga hiyo rangi mpya kabla mgeni hajafika. Apake Juni mbele ikiwa safi wiki chache kabla ya shughuli, pesa ileile.

Bi_Asmini

Asalam aleikum. Mie naandika kutoka Unguja, fundi kasema kweli, nami nataka kuongeza la chokaa kwani naona vijana wa bara mmeisahau.

Huku Mji Mkongwe nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zina umri wa miaka zaidi ya mia na hamsini na kuta zake zinavuta unyevu wa bahari kila siku, lakini chokaa inauachia unyevu utoke. Walipokuja watu kuzipiga plasta ya simenti na rangi za kisasa ndipo kuta zikaanza kubanduka mapande, nimeyaona haya kwenye nyumba ya bibi yangu mwenyewe. Kwa hivyo dada yangu ile mita moja ya chini, ukishaikwangua brauni yote pakabaki plasta tupu, ipake chokaa. Iloweke usiku mzima kwenye ndoo, asubuhi ikoroge mpaka iwe kama maziwa mazito kidogo, tia konzi ya chumvi ishike, na ukitaka weupe wenye kung'ara tia bluu ya kufulia kijiko kidogo tu. Ukuta uurashie maji kwanza. Paka nyepesi, ikauke, paka tena, mara tatu. Ukipaka nzito mara moja itatoka unga mkononi. Ikichafuka na tope mwakani unarejea tena kwa pesa ya mboga, wala huhitaji fundi. Ila jihadhari na macho, chokaa inaunguza, na watoto wasikae karibu na hiyo ndoo.

Na mlangoni panda asmini na mrehani. Wageni wa posa wakipita magharibi wapokewe na harufu, hilo kwetu halikosekani.

kaka_miche

Mimi nauza miche kwahiyo ni kama najinyima riziki lakini nasema tu, dada usinunue maua makubwa. Masika ndo msimu wetu, kitu chochote ukichomeka kinashika, kwanini ulipe hela ya mmea wa miaka miwili?

Bogenvilia tafuta kwa jirani mwenye rangi unayoipenda, omba matawi magumu unene wa penseli au kidole, kata urefu wa sentimita 20 hivi chini kidogo ya fundo, toa majani, chomeka kwenye viroba vya udongo uliochanganywa na mchanga, weka chini ya muembe pasipo na jua kali. Chomeka kumi na tano ili upate saba nane. Ikishachipua vizuri ndo unahamishia getini penye jua kutwa maana bogenvilia bila jua inatoa majani tu. Mwezi wa saba haitakuwa imefunika geti, nisikudanganye, ila itakuwa hai na inaanza maua na mwakani utashangaa.

Nyasi: chukua ukoka, unauzwa kwa viroba au unapewa bure mahali wanapolima, uchambue vipande vyenye mizizi upande kwa mistari, kati ya kipande na kipande upana wa kiganja. Mvua ikianza tu panda, miezi miwili mitatu inaungana. Chini ya muembe usihangaike na ukoka, kwenye kivuli unakufa.

Na zile tairi. Nahisi mbili zimekufa kwasababu hazina matundu na maji yamesimama yakaozesha mizizi, lakini kibaya zaidi kile kifuko cha ndani cha tairi kinatunza maji ndo nyumba ya mbu wa dengue. Dar tulipata mlipuko 2014 na tena 2019, mimi 2019 nililala siku nane mifupa inauma kama imevunjwa, tangu hapo tairi lisilo na matundu silipiti nikaliacha. Toboa matundu sita saba kila tairi kwa chini ndani ya ule mkunjo, jaza kokoto kidogo halafu udongo mpaka juu pasiwe na nafasi ya maji kukaa.

Mti ukitaka kivuli cha pili usipande mkungu karibu na nyumba wala karo, mizizi yake inanyanyua mpaka pevingi. Miche ya miti ulizia vitalu vya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu.

Mangi_wa_Rombo

Chini ya muembe weka masale, ile mimea ya majani marefu. Kwetu kihambani yanakaa chini ya migomba na kahawa hayajali kivuli, unakata kijiti unachomeka tu. Kwa Wachagga sale ndo mpaka wa shamba, na ndo unalobeba ukienda kumwomba mtu msamaha, ukifika nalo mlangoni mwenye nyumba hawezi kukufukuza. Yakijipanga mstari yana heshima yake.

Mama_Shani

Mwanangu mimi ni mtu mzima, naomba niseme la uwanja. Msimwambie apande nyasi kila mahali. Uwanja uliofagiwa una raha yake, unaona nyayo za nani kapita, nyoka anaonekana, watoto wanacheza, na siku ya shughuli mikeka inatandikwa wapi kama ni ukoka umeloa umande? Lakini na mimi nilijifunza, nimefagia uwanja wangu miaka ishirini na ule ufagio wa chelewa, kila siku unaondoka na udongo kidogo, mpaka ngazi ya mlangoni iliyokuwa moja ikawa mbili. Hilo tofali lako la msingi mvua haikulifukua peke yake. Acha katikati uwanja wa kufagia, uzungushie mawe au matofali yaliyovunjika uyapake chokaa hiyohiyo, nyasi zikae pembeni tu, na ukifagia takataka toa ila mchanga urudishe.

mama_wawili (Machi 3)

Nimesoma yote mara mbili na mdogo wangu nae kasoma, Mungu awabariki. Mama Shani umenigusa, nimekwenda kuangalia ngazi ya mlango wa nyuma, kweli imeongezeka kina na mimi nilidhani tulijenga hivyo. Gata la nyuma nimeshalipia, fundi anakuja Jumamosi. Brauni nakwangua mwenyewe jioni nikitoka kazini, na mdogo wangu upande wa pili, tumeshamaliza ukuta mmoja. Swali moja, mwezi wa sita nitajuaje kama ukuta umekauka kweli? Kwa mkono naona kavu hata sasa.

fundi_msingi

Mkono unadanganya. Chukua kipande cha nailoni angavu ukubwa wa karatasi ya A4, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa, kiache usiku kucha mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani ukuta bado unatoa maji, subiri. Pakiwa pakavu paka. Na kama kuna sehemu utapiga plasta mpya kuziba nyufa ipe wiki nne kabla ya rangi.

mama_wawili (Juni 16)

Narudi kuleta mrejesho. Masika yalipiga kweli na kile kifereji hakijarudi, maji yote yalikwenda kwenye simtanki mpaka likafurika tukawa tunafulia maji ya mvua. Ukoka umeungana upande wa kushoto, wa kulia bado una mabaka. Bogenvilia nilichomeka kumi na tano zimeshika tisa, moja ina ua moja la zambarau. Asmini nimepata kwa rafiki yangu wa Magomeni, naimwagilia na maji ya vyombo.

Nailoni nilibandika jana jioni mbili, nyuma na mbele. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimetoka na tochi, ya nyuma ina matone madogo kwa ndani, ya mbele kavu kabisa. Naanza na mbele Jumamosi, chokaa nalowesha Ijumaa usiku.