Paa la zahanati linavuja, kamati inataka rangi na marumaru kwanza. Naombeni ushauri

Nesi wa Kijijini:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mtumishi wa afya, nimehamishiwa zahanati ya serikali kijijini huku Kanda ya Ziwa na nimekabidhiwa kituo kama mfawidhi. Jengo ni la enzi za MMAM, ule mpango wa 2007 hadi 2017 uliotaka kila kijiji kipate zahanati. Wananchi walinyanyua boma kwa nguvu zao, halmashauri ikaezeka na kumalizia. Nimepekua mafaili yote ya kituo, sijaona popote palipoandikwa kwamba tangu hapo kuna mtu alipanda juu kuangalia paa.

Hali ilivyo sasa: dari ya chumba cha kujifungulia ina madoa ya kahawia, na ubao mmoja umeachia upande, unaning'inia karibu kabisa na usawa wa kitanda. Ukuta wa nyuma unabanduka rangi kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, ukiugusa unabaki na unga mweupe kiganjani. Gata hakuna kabisa. Maji ya paa yamechimba mfereji kando ya msingi, na upande mmoja mawe ya msingi yameanza kuonekana.

Akaunti ya kituo ina fedha kiasi, si nyingi. Kamati imekaa na wajumbe wengi wanataka tupake rangi jengo zima na kuweka marumaru mapokezi, kwa sababu kuna ugeni tunautegemea. Mwenyekiti ni mzee ninayemheshimu sana, ni baba yangu kwa umri, na msingi wa jengo hili aliuchimba yeye na wenzake. Sitaki ionekane nimekuja juzi tu nikaanza kuwadharau wenyeji. Lakini vuli ndiyo hiyo inabisha hodi, na akina mama wanajifungulia chini ya ile dari. Nianzie wapi? Fedha za kituo zinaruhusiwa kwenda kwenye paa? Na TBA (Wakala wa Majengo Tanzania) wanaweza kuja kutusaidia?

Mstaafu wa Afya:
Mwanangu, hongera kwa kujali. Kabla ya kikao kingine chochote, hamisha kitanda leo. Ubao uliolowa huwa mzito, na hauanguki kwa kupiga hodi. Kama hakuna chumba kingine, sogeza kitanda upande mkavu, kisha tafuta mtu aushushe ule ubao kwa mikono chumba kikiwa hakina mgonjwa.

La pili ni umeme. Kama nyaya za taa zinapita juu ya hiyo dari, zima saketi ya chumba hicho mpaka fundi umeme mwenye leseni azikague. Maji na waya uliochubuka juu ya mama anayejifungua ni jambo ambalo hutaki hata kuliwaza. Zalisheni kwa taa ya sola kwa muda.

Halafu liandike. Tarehe, ulichokiona, picha, barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Barua hiyo itakulinda wewe, na hata wakikuhamisha kesho tatizo litabaki limeandikwa kwa atakayekuja.

Fundi Kenchi:
Dada, usinunue hata kopo moja la rangi kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Hapo una matatizo mawili tofauti, ukiyachanganya utamaliza fedha na ukuta utaendelea kulowa.

Dari ni habari ya paa. Panda darini mchana wa jua kali (wewe au fundi), fungeni mlango, zimeni tochi, mtulie macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha kwa mwanga. Liwekeeni alama ya chaki kwenye papi (mbao inayopigiliwa bati) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) iliyo karibu. Mashimo mengi utayakuta kwenye misumari: raba yake hukauka kwa jua, hupasuka, na maji hupita pembeni ya msumari. Angalia pia kama fundi wa mwanzo alipiga misumari kwenye bonde la bati badala ya kwenye mgongo. Bondeni ndiko maji yanakopita, kwa hiyo msumari wa bondeni ni tundu ulilolitoboa mwenyewe. Kisha angalia kofia (bati la kufunika kilele cha paa), na pale mapaa mawili yanapokutana kama jengo lina kona. Hapo pa kukutania ndipo panapoongoza kwa kuvuja, kwa sababu majani na vumbi hujaa, maji yakapanda na kurudi ndani chini ya bati.

Ukikosa mwanga lakini doa lipo, mwageni maji kwa ndoo juu ya paa, mkianzia chini kuelekea juu, taratibu, mmoja akiwa darini anaangalia. Kumbuka doa la kwenye dari mara nyingi haliko chini ya tundu. Maji huteremka na mbao, yakadondoka mbali. Na anayetembea juu ya bati akanyage kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi. Akikanyaga katikati analikunja bati na kuwaongezea kazi.

Ukuta wa nyuma ni habari ya ardhi. Ule unga mweupe ni chumvi: maji yanapanda kutoka kwenye udongo, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha chumvi, na chumvi ndiyo inayoisukuma rangi ibanduke. Ukipaka rangi juu yake itatoka tena. Ukiweka marumaru, maji yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Dawa ni kuyaondoa maji kando ya jengo kwanza: gata, kisakafu cha zege kuzunguka jengo kinachoinama kuelekea nje, na mfereji wa kuyapeleka mbali. Udongo ukiwa umepanda mpaka usawa wa sakafu ya ndani, uchimbwe ushushwe. Baada ya hapo ndipo mnabandua plasta iliyoharibika, kuvuka kidogo juu ya mstari wa doa, mnauacha ukuta ukauke vya kutosha, ndipo mnapiga plasta mpya.

Watu huona gata kama urembo. Piga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 4,000, zote zikigonga mstari uleule kando ya msingi. Hiyo ndiyo iliyochimba mfereji wako. Maji hayohayo yakiingia kwenye simtanki, una maji ya kufulia mashuka na kuoshea vyombo.

Mhasibu wa Halmashauri:
Nijibu la fedha na la TBA.

TBA ilianzishwa 2002 na inashughulika zaidi na nyumba za watumishi na majengo ya Serikali Kuu. Zahanati ya kijiji ni mali ya halmashauri, kwa hiyo mtaalamu wako ni mhandisi wa halmashauri. Mwombe kwa barua aje akague na aandae mchanganuo wa gharama. Usikubali mchanganuo wa fundi peke yake, hata kama ni mwaminifu, kwa sababu mkaguzi atakuuliza nani alithibitisha.

Fedha za ukarabati mdogo zinaweza kutoka kwenye makusanyo ya kituo, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 Mfuko wa Pamoja wa Afya (fedha za wahisani) nao unaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Swali la kwanza ni je, shughuli hiyo imo kwenye mpango wa kituo wa mwaka huu? Kama imo, endelea. Kama haimo, kamati ikae, ijadili kubadili matumizi, muhtasari usainiwe, uende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Mkurugenzi upate kibali. Usitangulie kutumia ukitegemea kibali kitafuata. Manunuzi yapitie NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni), na kila ulichonunua kiwe na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi).

Kama mtatumia fosi akaunti (mnanunua vifaa wenyewe na kumlipa fundi, bila mkandarasi), undeni kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mtu mmoja asikae kwenye zote. Aliyenunua bati asiwe ndiye anayelipokea.

Na tafadhali, mkianza kuandaa bajeti ya mwaka ujao wa fedha, ambao unaanza Julai 1, weka kifungu cha matengenezo hata kama ni kidogo. Nimepitia mipango ya vituo vingi, majengo mapya yamo, matengenezo hayamo kabisa. Inaniumiza, kwa sababu tunajenga jipya huku la zamani likianguka hatua chache kutoka pale.

Ng'ambo ya Namanga:
Huku kwetu Kenya shida ni ileile. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, na kwa miaka mingi pesa zilizokusanywa hospitalini zilikuwa zinaenda kwenye mfuko wa kaunti, mlango ukivunjika unangoja. Sheria ya 2023 ndiyo iliyoruhusu vituo vibaki na mapato yao. Kwa hivyo kama nyinyi akaunti mnayo wenyewe hapo kituoni, itumieni kwa paa. Wengine waliingoja sana nafasi hiyo.

Mwalimu Mkuu wa Kata:
Samahani kuingilia uzi. Sisi shule yetu ni ya zamani na madarasa mawili yameezekwa kwa yale mabati ya kijivu ya asbesto, yamepasuka. Fundi anasema atayavunja kwa nyundo ndani ya siku moja. Sawa?

Fundi Kenchi:
Hapana mwalimu, mzuie. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki, na saratani yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Hayavunjwi, hayakatwi kwa msumeno, hayafagiliwi makavu. Watoto watolewe kwenye madarasa hayo, halafu mwandikieni Mkurugenzi, afisa mazingira awasiliane na NEMC (baraza la taifa la mazingira) kuhusu kuyateremsha na mahali pa kuyazika. Na asitokee mtu wa kuyabeba kwenda kuezekea banda la kuku.

Mjumbe wa Kamati:
Nesi, mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati mkoa mwingine, nikusaidie kwa huyo mzee. Usimpinge kwenye kikao mbele ya watu. Mfuate nyumbani, msalimie, muulize habari za ujenzi ule: nani alileta mawe, nani alifyatua matofali, kina mama walichota maji wapi. Kisha mwombe aje akuonyeshe jengo, mzunguke naye polepole. Mfikishe pale mawe ya msingi yalipoanza kuonekana na unyamaze. Aliyechimba msingi ule atajua anachokiona, hatahitaji maneno yako.

Suala la ugeni lipo na halikwepeki. Mgeni akiingia akakuta marumaru zinang'aa na chumba cha kujifungulia kimefungwa kwa sababu ya dari, atauliza mbele ya watu wote. Akikuta gata mpya na rangi ya zamani, mna cha kumweleza. Mwambie mzee hivyo, kwa heshima.

Nesi wa Kijijini:
Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Kitanda tulikihamisha siku ileile, ubao tumeushusha, umeme wa chumba kile umezimwa na barua imepokelewa wilayani.

Mzee alikuja. Tulizunguka jengo, akachuchumaa pale kwenye mawe akaondoa udongo kwa mkono, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwita mapema. Kikao kilichofuata ni yeye aliyefungua hoja ya paa. Muhtasari umesainiwa: paa na gata kwanza, kisakafu cha nje kifuate, rangi isubiri ukuta ukauke. Marumaru tumeziweka kwenye mpango wa mwaka ujao. Darini tulikuta matundu mengi ya misumari kama Fundi alivyosema, na mabati machache yameoza kabisa pale mapaa yanapokutana. Mhandisi ameahidi kuja kukagua kabla hatujaenda dukani.

Maswali mawili. Duka la karibu lina bati za geji 30 na za geji 28, tuchukue zipi? Na mabati tutakayoyatoa, watu wameshaanza kuniomba, mmoja ni jirani anayetusaidia sana. Nimpe?

Fundi Kenchi:
Geji 28. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Mlinganishe pia umbo la migongo na lile lililopo, lisipolingana halitalala vizuri na maji yatapita. Gata iiname kuelekea kwenye bomba, sentimita moja kwa kila mita tatu inatosha. Na kabla ya kila msimu wa mvua mtu apande akazoe majani. Mlinzi wa zahanati anaweza kupewa kazi hiyo, ila ngazi ishikwe na mtu wa pili.

Mhasibu wa Halmashauri:
Usimpe mtu, hata jirani mwema. Bati lililooza bado ni mali ya umma mpaka liondoshwe kwa utaratibu. Kamati ya mapokezi iyahesabu siku yanaposhuka, yaandikwe kwenye leja, yafungiwe stoo, uombe halmashauri iyaingize kwenye uondoshaji wa mali chakavu. Jirani naye aelezwe kwamba siku yakitangazwa kuuzwa atanunua kama wengine.