Naombeni ushauri: siku tisa São Paulo, mwezi wa saba, nikiwa peke yangu

NyotaYaAlfajiri
Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mhasibu mkoani Tanga, na tarehe 11 mwezi wa saba ninatarajia kuondoka Dar es Salaam kwenda São Paulo, Brazil, kwa siku tisa, nikipitia Addis Ababa. Sijawahi kuvuka bahari. Safari yangu ya mbali kabisa ilikuwa Nairobi, na hata huko nilikwenda na kwaya. Nimesikia mengi kuhusu wizi wa mji ule, na tangu wiki iliyopita usingizi unanipaa. Naomba mnielekeze namna ya kutembea kwa usalama, namna ya kubeba fedha, na sehemu zinazofaa kuonwa na mtu ambaye huenda asirudi tena huko. Viza nimepata, chanjo ya homa ya manjano nimechanjwa na likizo imeidhinishwa, kwa hiyo tusijadili kama niende au nisiende, bali niendeje.

FundiWaChumbageni
Hongera, dada. Mimi sijafika huko, lakini niliwahi kutengeneza mashine iliyotoka São Paulo, nami nitasema ninachokijua. Umeme wa mji ule ni volti 127, si 230 kama wetu, na soketi zao zina matundu ya mviringo yasiyopokea plagi zetu. Chaja ya simu haina tatizo, kwani ukisoma maandishi yake madogo utaona imeandikwa 100 hadi 240. Pasi ya nywele ya hapa nyumbani, hata hivyo, itapata vuguvugu tu, uishie kuilaumu bure.

MlubaWaBrás
Dada Nyota, nakusalimu kutoka mtaa wa Brás, hapahapa São Paulo, ninakoishi mwaka wa sita sasa tangu nitoke Lubumbashi. Mji huu una watu zaidi ya milioni 11 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na wengi wao huenda kazini na kurudi salama kila siku, kwa hiyo usije ukiwa umekata tamaa. Adui mkubwa wa mgeni ni simu yake mwenyewe. Mimi niliibiwa ya kwangu mwezi wa pili baada ya kufika, nikiwa nimesimama kando ya Avenida Paulista, nimeishika mkononi nikitafuta njia kwenye ramani; kijana wa baiskeli alipita nyuma yangu, na nilipogeuka nilibaki nikiutazama mkono wangu mtupu kama mtu aliyesahau alichokuwa akikifanya. Tangu siku hiyo nikitaka kusoma ramani naingia kwanza dukani au kwenye duka la dawa, na nikipanda gari la kukodi nafunga kioo, kwa sababu wapo wanaochomoa simu kupitia dirishani magari yakisimama kwenye taa.

Fedha zigawe: kidogo mfukoni, nyingine ndani ya nguo, kadi ya akiba ibaki chumbani. Viwanja vya Sé na mitaa ya Luz vitazame mchana, usiku uviache. Sokoni kwenye Mercado Municipal, lile jengo la 1933 lenye vioo vya rangi, watu watakuonjesha matunda kwa tabasamu, kisha watakupimia kwa bei ambayo hutaamini. Kula mkate wao wa mortadella (aina ya soseji), matunda yanunue mtaani.

Jumapili nenda Paulista yenyewe, maana siku hiyo magari huzuiwa na barabara nzima huwa ya watoto, wapiga ngoma na wauza mahindi. Hapo ndipo lilipo jumba la sanaa la MASP, lililoinuliwa juu ya nguzo nyekundu, na Jumanne kuingia ni bure. Kisha usiondoke bila kufika Museu Afro Brasil ndani ya bustani ya Ibirapuera. Mimi niliingia humo nikidhani nitakaa nusu saa, nikatoka jioni, kwa kuwa vitu vingi vilivyomo vinawahusu watu waliochukuliwa kutoka bara letu, na nilijikuta nikisoma kila kibandiko polepole kama barua kutoka nyumbani. Feijoada, yaani maharage meusi yaliyopikwa na nyama ya nguruwe, hupikwa Jumatano na Jumamosi. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kukaa. Polisi ni 190, gari la wagonjwa ni 192.

MwalimuMstaafu
Mwanangu, nimesoma maelezo ya ndugu yetu wa Brás na ni mazuri, lakini umeeleza kila kitu isipokuwa mahali utakapolala. Katika miaka yangu ya kufundisha nilijifunza kwamba mwanafunzi anayesimulia safari yote ya kwenda kisimani bila kuutaja mtungi, mtungi umevunjika. Unafikia hoteli gani, na nani atakupokea uwanjani?

NyotaYaAlfajiri
Shikamoo, mwalimu. Nafikia kwa mwenyeji ninayefahamiana naye, ambaye atanipokea Guarulhos. Sikulitaja kwa sababu halihusiani na swali. Kaka Mluba, ahsante sana. Nimeandika kila kitu kwenye daftari.

SalmaWaSaluni
Mwenyeji asiye na jina, asiye na kazi, asiye na undugu! Hata mganga wa kienyeji hujitambulisha, shoga yangu. Mimi nina swali moja tu, nawe ukipenda usilijibu: nauli ya kutoka Dar hadi Brazil si ya mshahara wa mhasibu wa mkoani, nami nasema hivyo kwa heshima kwa kuwa mume wangu ni mhasibu wa mkoani. Nani amelipa tiketi?

NyotaYaAlfajiri
Nilijua tutafika hapa. Amelipa yeye. Tulifahamiana mtandaoni mwezi wa kumi na moja. Ni Mwafrika mwenzetu, mfanyabiashara, na anasema ameishi São Paulo miaka kumi. Tumezungumza kwa video mara mbili, ingawa mtandao wake huwa dhaifu na picha hugandaganda. Hajawahi kuniomba hata shilingi moja. Tapeli gani hutoa badala ya kuomba? Alichoniomba ni jambo dogo, kwamba wakati wa kurudi nimbebee dada yake aliyeko Dar sanduku moja la nywele za Brazil, kwa sababu usafirishaji wa mizigo ni ghali. Hilo nimelikubali, na sioni kwa nini mtu akatae kumsaidia aliyemlipia nauli. Anaishi ghorofa ya nane, na ameahidi kwamba kila jioni tutatembea ufukweni, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Nimekwisha kununua ndala na magauni mepesi. Mniamini, mimi si mtoto.

SalmaWaSaluni
Nimeuza nywele kwa miaka 11, kwa hiyo niruhusuni. Mzigo wangu wa kwanza wa «nywele za Brazil» niliufuata mwenyewe Guangzhou, China, na nilipomuuliza muuzaji Brazil iko upande gani alicheka hadi akakaa chini. Lile ni jina la biashara, kama vile mchele wa Mbeya unavyouzwa na watu wasioijua Mbeya. Nywele nyingi za jina hilo zinatoka India na China. Mteja mmoja aliwahi kunirudishia mzigo akidai amegundua si za Brazil, nikamwambia hata mimi nimegundua siku hiyohiyo, na mpaka leo ni mteja wangu. Sasa huyo mfanyabiashara wako anazitoa São Paulo, mahali ambapo sisi wenye maduka hatuendi kuzinunua, tena kwa sanduku moja?

KijanaWaPangani
Wadau, mimi naomba tusipoteze muda, kwa maana uzi huu ni chai, tena chai isiyo na tangawizi. Mleta mada anatuambia kwamba atatembea kila jioni ufukweni, hatua chache kutoka mlangoni, mjini São Paulo. São Paulo haina bahari. Mji uko juu ya uwanda wa mita 760 hivi, na pwani iliyo karibu ni ya Santos, umbali wa kilomita 70 hivi, unaposhuka milima. Zaidi ya hapo, mwezi wa saba huko ni majira ya baridi, na yeye ananunua ndala. Aliyeitunga hadithi hii hakufungua hata ramani. Watunzi wa siku hizi ni wavivu.

FundiWaChumbageni
Nami nimelishangaa hilo la magauni, ila niliona si fani yangu.

NyotaYaAlfajiri
Kaka wa Pangani, umenivunjia heshima mbele ya watu. Sitaweka hapa sura ya mtu bila idhini yake, lakini ninayo picha aliyonitumia, iliyopigwa, kama anavyosema, kutoka kwenye roshani yake. Bahari inaonekana, watu wamevaa nguo za kuogelea, na kando yake kuna njia pana ya waenda kwa miguu iliyopambwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe katika umbo la mawimbi. Ningewezaje kutunga vijiwe?

MlubaWaBrás
Kijana wa Pangani, dada hajatunga. Chai imepikwa na mwingine, yeye ameletewa kikombe tu. Dada Nyota, njia hiyo ya mawimbi meusi na meupe ni ya Copacabana, mjini Rio de Janeiro, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa ninapoandika. Inauzwa kwenye kadi za posta, kwenye fulana na kwenye vikombe. Mtu aliyeishi São Paulo miaka kumi hawezi kuikosea, kama vile mtu wa Tanga asivyoweza kukuambia kwamba dirisha lake linatazama Mlima Kilimanjaro.

MwalimuMstaafu
Sasa mtungi tumeuona. Mwanangu, umeuliza tapeli gani hutoa badala ya kuomba, na jibu ni yule anayehitaji mikono yako kuliko fedha zako. Wabebaji wa unga huitwa punda kwa sababu punda hakuufunga mzigo, ila ndiye anayekutwa nao mgongoni. Sheria ya Brazil ya mwaka 2006 kuhusu dawa za kulevya inataja kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa usafirishaji, na adhabu huongezwa mzigo ukiwa unavushwa kwenda nchi nyingine. Jina kwenye lebo ya sanduku litakuwa lako, na mahakamani ndilo litakalosomwa. Nimezika rafiki ambaye binti yake alikuwa gerezani nchi ya mbali, na hakuruhusiwa kuja kumzika baba yake. Sitasema ni nchi gani.

SalmaWaSaluni
Usijilaumu sana, shoga. Mimi nimewahi kuolewa na mtu aliyesema ana meli.

NyotaYaAlfajiri
Nimekaa kimya tangu jana kwa sababu nilimwandikia. Nilimwuliza jambo moja tu, jina la ufuko ulio mbele ya nyumba yake. Hakujibu. Aliniuliza nimekuwa nikizungumza na nani. Baada ya saa mbili akaandika kwamba habari ya sanduku niisahau, nije tu, na kwamba tutazungumza nikifika. Nililisoma neno hilo «nikifika» mara nyingi kuliko nilivyopaswa.

Bado sehemu yangu moja inataka kumwamini, na sioni aibu kulisema. Lakini tiketi yake sitaitumia, na namba yake nimeizuia leo asubuhi. Kinachoniuma ni likizo na viza, kwa kuwa viza nililipia mwenyewe, na ile Jumapili ya barabara isiyo na magari nimekwisha kuiona kichwani. Kaka Mluba, kama viza itaruhusu na nikajikusanya hadi mwezi wa kumi, nikajilipia nauli na kufikia hoteli, je, maelezo yako yatakuwa bado yanafaa?

MlubaWaBrás
Yatafaa, tena wakati huo baridi itakuwa imepungua. Tafuta chumba karibu na kituo cha metro cha Trianon-Masp, ili Paulista uifikie kwa miguu, na tarehe yako mpya usimwambie mtu yeyote uliyemfahamu kupitia kwa yule bwana, hata anayejiita dada yake. Ukirudi, kadi yako ya homa ya manjano iwe mkononi na si ndani ya begi, kwa kuwa Tanzania huidai kwa anayetoka Brazil. Bahari ukiitaka, basi la Santos hulichukua kwenye kituo cha Jabaquara asubuhi na kurudi jioni.

KijanaWaPangani
Dada Nyota, nilikosea kukushuku wewe. Kuhusu bahari sikukosea.

FundiWaChumbageni
Kwenye baadhi ya hoteli utakuta pia soketi za volti 220. Huwa zimewekewa kibandiko. Kisome kabla ya kuchomeka pasi.