Maigizo darasani yanasaidia kweli au tunapoteza vipindi?

Mwl_Kilosa: Wadau habari za jioni. Nafundisha darasa la tano, watoto wamebanana kwenye madawati, wengi wanasoma aya nzima bila kukwama ila ukiuliza inahusu nini, kimya. Juzi nikawaambia waigize hadithi ya kitabuni, yule ambaye huwa hanyooshi mkono ndo akawa mzee wa kijiji, anaongea mpaka wenzie wanampigia makofi. Sasa mwalimu mkuu kasema mambo hayo yasubiri mahafali, tumalize kwanza silabasi. Namjibuje? Na kundi lote hili naligawaje?

binti_ruvu: Mwalimu usiache!! Mtaala mpya wa 2023 wenyewe una somo la Sanaa na Michezo, anzia hapo. Halafu kuna programu ya Tuseme, ilianzishwa 1996 Chuo Kikuu cha Dar na kina Profesa Penina Mlama na Amandina Lihamba, wasichana wa sekondari wanataja wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wanatafuta chanzo, wanatunga igizo wanalicheza mbele ya walimu na wazazi, kisha mjadala. FAWE, lile shirika la wanawake wa Afrika linalopigania elimu ya wasichana, wakaipeleka nchi nyingi tu za Afrika. Mimi naona nguvu iko kwenye ule mjadala, mtoto anasema mbele ya watu jambo ambalo ofisini kwa mwalimu asingethubutu.

Shabiki254: Huku Kenya tamasha la drama la shule lipo tangu 1959 na watoto wanalipenda sana. Lakini chunga, shule ikianza kufukuzia kombe wanachukuliwa wale wale wenye vipaji kila mwaka, na huyo mnyamavu wako ndiye anaachwa kwanza.

mama_chaki: Kweli kabisa @Shabiki254. Mwl, wagawe sita sita, kila kikundi kipande chake cha hadithi, dakika kumi za kujipanga uwanjani, mbili za kuonyesha. Wakimaliza usiwaache wakae, waliobaki wawaulize maswali wakiwa bado ndani ya uhusika, "mzee mbona umemfukuza mwanao?", hapo lazima arudi kitabuni maana bila kuelewa hajibu. Hata sayansi inakubali, mzunguko wa damu wengine wawe moyo, wengine mapafu, wengine damu inayotembea. Mavazi ni kanga na fimbo basi. Mwalimu mkuu usibishane naye, mkaribishe kipindi kimoja akae nyuma na yeye aulize maswali.

Mwl_Kilosa: Asanteni sana, hiyo ya maswali sikuwahi kuifikiria. Alhamisi nina vipindi viwili mfululizo, naanza na mzunguko wa damu maana ndo mada iliyowashinda.